Olonana wa Mbatiany: Maisha ya Oloiboni na Ulinganisho wa Imani ya Enkai na Mafundisho ya Kanisa Katoliki

Utangulizi

Olonana wa Mbatiany, ambaye Waingereza walizoea kumwita Lenana, ni miongoni mwa Wamaasai wanaotajwa mno katika historia ya Kenya. Kilele cha tatu kwa urefu cha Mlima Kenya, chenye mita 4,985, kina jina lake. Viwili vinavyokitangulia vilipewa jina la baba yake, Mbatiany (mita 5,199), na la Neilieng, nduguye Mbatiany (mita 5,188). Majina hayo yalitolewa mwaka 1899 na Halford Mackinder, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kukifikia kilele kirefu kuliko vyote. Shule ya upili jijini Nairobi nayo ina jina la Lenana. Hata hivyo, wengi wanaolitamka jina hilo humdhania kuwa alikuwa mfalme au chifu. Hakuwa hivyo katika asili ya cheo chake. Alikuwa oloiboni, yaani mwaguzi na mwombezi mkuu, na mamlaka yake yalitokana na imani ya watu wake juu ya Enkai.

Maisha ya Olonana yalipitia bara la Kajiado: kutoka Oldoinyo Orok karibu na Namanga alikozikwa baba yake, katika nyanda za Matapato na za Kaputiei ambamo leo umo mji wa Kitengela, hadi vilima vya Ngong. Leo eneo hilo lote limo katika Jimbo Katoliki la Ngong. Kwa hiyo maisha haya yanafaa kusimuliwa sambamba na swali linalowahusu wakazi wa Kajiado hadi sasa: dhana za dini ya kale ya Wamaasai zinakutana wapi na mafundisho ya Kanisa Katoliki ya leo, na zinaachana wapi?

Nasaba na Asili ya Cheo

Olonana alizaliwa katika jamaa ya Inkidongi ya ukoo wa Ilaiser. Jina la jamaa hiyo linahusiana na enkidong, kibuyu chenye mawe ambacho oloiboni hukitumia kupigia ramli. Masimulizi yaliyoandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu lugha na ngano za Wamaasai yanaeleza kwamba babu wa kwanza wa jamaa hii, Ole Mweiya, alishuka kutoka mbinguni. Watu wa Ilaiser walimkuta ameketi juu ya mlima wao. Kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, walimdhania mtoto, wakamchukua hadi bomani, na baadaye wakatambua kuwa ana uwezo wa uaguzi. Kutoka kwake ukatokea mfululizo wa maoloiboni hadi kwa Subet, kisha Mbatiany mwana wa Subet, kisha Olonana.

Masimulizi haya yanabainisha jambo la kwanza la kulinganishwa. Uoloiboni ni cheo cha damu. Mtu huzaliwa ndani yake. Katika Kanisa Katoliki upadre haurithiwi. Hupokewa kwa sakramenti ya daraja takatifu, kwa kuwekewa mikono na askofu, na katika Kanisa la Kilatini padre kwa kawaida haoi, hivyo hana mtoto wa kumwachia altare. Lakini pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja kubwa: uwezo wa kuhudumu mbele ya Mungu haumtoki mhudumu mwenyewe. Kwa Wamaasai umeshuka kutoka juu kwa njia ya Ole Mweiya. Kwa Wakatoliki umetoka kwa Kristo kwa njia ya mitume.

Enkai katika Kinywa cha Wamaasai

Olonana alikulia katika lugha ambayo neno moja, Enkai, lina maana ya Mungu, na pia hutumika kwa mbingu na mvua. Kisarufi neno hilo lina kiambishi cha jinsi ya kike, ingawa katika sala Enkai huweza kuitwa kwa sifa za mama na za baba pia. Wamaasai humtaja Enkai Narok, Mungu mweusi, ambaye weusi wake ni wa wingu la mvua na wema. Na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, ambaye wekundu wake ni wa ukame na ghadhabu. Baadhi ya watafiti wamewaeleza kuwa miungu wawili, ilhali wengine, na Wamaasai wengi wenyewe, huziona kuwa nyuso mbili za Enkai mmoja.

Jambo la neno moja kubeba maana ya Mungu na ya anga si la Wamaasai pekee. Waturuki wa kale, ambao nao walikuwa wafugaji wa nyika pana katika Asia ya Kati, walimwita Mungu wao Tengri, neno lililomaanisha mbingu vilevile. Maandishi ya Orkhon nchini Mongolia, yaliyochongwa kwenye mawe katika karne ya 8, yanamtaja Tengri kuwa ndiye anayewapa watawala wao utawala. Wamisionari Wakatoliki walipofika kwa Wakuman, kabila mojawapo la Kituruki, hawakulitupa neno hilo. Katika mswada uitwao Codex Cumanicus, ambao sehemu yake ina tarehe ya mwaka 1303, sala za Kikristo zilitafsiriwa kwa Kikuman na Mungu akaitwa Tengri. Vivyo hivyo, Biblia ya Kimaa humwita Mungu Enkai.

Uamuzi huo wa kitafsiri si mdogo. Ukilikubali neno, umekubali pia kwamba waliolitumia kabla yako hawakuwa wakiomba hewa tupu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitambua kwamba tangu kale mataifa mbalimbali yamekuwa na utambuzi fulani wa nguvu iliyofichika inayoongoza mambo, na hata wa Mungu Mkuu, na kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Kuhusu jinsi, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 hufundisha kwamba Mungu huitwa Baba lakini si mwanamume wala mwanamke. Mwanafunzi wa Kiswahili ataona kwamba lugha yake haina mgogoro hapa: neno Mungu limo katika ngeli ya A-WA, na ngeli hiyo haibagui mume na mke. Mmaasai anayesali kwa Kimaa hulitamka jina la Mungu kwa kiambishi cha kike, ilhali Sala ya Bwana inamfundisha amwite Baba. Hapo ndipo tafsiri inapogeuka kuwa teolojia.

Urithi Uliogombewa

Mbatiany alikuwa oloiboni mwenye sifa kuu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Simulizi iliyoandikwa na Hollis inaeleza kuwa kabla ya kufa aliwaita wazee wa Matapato, akawatahadharisha wasihame katika nchi yao, na akabashiri kwamba ng'ombe watakufa kwa maradhi.  Alimwambia mwanawe mkubwa, Sendeyo, aje asubuhi apokee zana za uoloiboni. Olonana alikuwa amejificha katika zizi la ndama, akayasikia maneno hayo. Alfajiri akatangulia kwa baba yake. Mbatiany alikuwa mzee sana mwenye jicho moja, hakutambua ni mwana yupi aliye mbele yake. Akampa Olonana rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mfuko, akambariki awe mkuu miongoni mwa ndugu zake. Sendeyo alipofika, zana zilikuwa zimekwisha kutolewa. Akaapa kwamba hatakuwa chini ya ndugu yake, bali atapigana naye. Mbatiany alifariki mnamo mwaka 1890 na akazikwa karibu na Oldoinyo Orok.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja sura ya 27 ya kitabu cha Mwanzo, ambamo Yakobo anamtangulia Esau na kupokea baraka ya Isaka aliyepofuka kwa uzee. Mfanano huo uliwashawishi baadhi ya Wazungu wa wakati ule. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1904 kitabu kuhusu Wamaasai ambamo alidai kuwa wana asili moja na Waebrania wa kale. Dai hilo halikuthibitika. Ni salama zaidi kusema kwamba jamii za wafugaji, ambamo baba mmoja ana wana wengi na cheo kimoja, huzaa visa vinavyofanana. Tena simulizi hii ilienezwa wakati ambapo ugomvi wa urithi ulikuwa haujasahaulika. Wafuasi wa Sendeyo waliipata hoja ya kusema wameibiwa, na wafuasi wa Olonana waliipata hoja ya kusema baraka haigeuki.

Ndani ya kisa hiki mna dhana inayogusa kiini cha mafundisho ya sakramenti. Kwa Wamaasai, kama kwa Isaka, tendo la baraka likiisha kutendeka haliwezi kurudishwa, hata kama aliyelipokea alitumia hila. Kanisa Katoliki pia hufundisha kwamba sakramenti hutenda kwa nguvu ya tendo lenyewe lililotendwa na Kristo, si kwa utakatifu wa mhudumu. Hata hivyo Kanisa linadai nia: mhudumu awe na nia ya kutenda lile ambalo Kanisa hutenda, na mpokeaji aliye mtu mzima akubali kwa hiari. Mbatiany alinuia kumpa Sendeyo. Kwa kipimo cha Kikatoliki, kasoro ya nia ingezua shaka kubwa. Kwa kipimo cha Wamaasai, shaka hiyo ilimalizwa kwa njia nyingine: watu walitazama ni nani ambaye Enkai atampa mvua, ng'ombe na watoto.

Miaka ya Emutai

Kipimo hicho kilikuja kwa ukatili. Wamaasai huiita miaka ile Emutai, yaani maangamizi. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kuingia katika miaka ya 1880. Sotoka ikafuata katika miaka ya 1890 na 1891, ikamaliza sehemu kubwa ya mifugo. Mwaka 1892 ndui ikawapukutisha watu waliokuwa tayari wamedhoofishwa na njaa. Juu ya hayo, wafuasi wa Olonana na wa Sendeyo wakaingia vitani. Sendeyo alikuwa na watu wake upande wa Loita na nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Olonana alibaki upande uliotwaliwa na Waingereza.

Watu wa Olonana walipozidiwa walitafuta hifadhi. Mnamo 1894 wakimbizi Wamaasai walipokelewa karibu na ngome ya Waingereza ya Fort Smith katika nchi ya Wakikuyu. Mwezi Novemba 1895, katika bonde la Kedong, msafara mkubwa wa Waswahili na Wakikuyu ulishambuliwa na Wamaasai na mamia wakauawa. Uchunguzi wa Waingereza uliona kwamba wasafiri ndio waliochokoza. Badala ya vita kati ya Waingereza na Wamaasai, uhusiano wao ukazidi kuimarika. Waingereza walikuwa wachache na walihitaji askari. Olonana alihitaji ng'ombe na kinga. Katika miaka iliyofuata morani waliandamana na vikosi vya Waingereza katika mashambulizi dhidi ya makabila mengine, na ujira wao ukawa sehemu ya mifugo iliyotekwa. Mwaka 1902 Sendeyo, akiwa ameshindwa, alikuja kwa ndugu yake kuomba amani, wakapatana.

Katika taabu kama hizi dini zote huulizwa swali la chanzo cha mabaya. Jibu la Wamaasai lilikuwa na uso mwekundu wa Enkai, laana za wazee, na pia uchawi wa oloiboni mpinzani. Katekisimu husema kwamba Mungu si mwenye kusababisha uovu wa kimaadili, ingawa anauruhusu na kuweza kutoa wema ndani yake, na humpeleka muumini mbele ya msalaba. Yaani Mkatoliki hafundishwi kutafuta ni nani aliyemloga. Hufundishwa kuuliza ni nani anayeteseka pamoja naye. Kwa mtu aliyepoteza zizi zima mwaka 1891, tofauti ya majibu haya ilikuwa tofauti kati ya kushika mkuki na kuuweka chini.

Kuna pia suala la kifo chenyewe. Ngano iliyoandikwa na Hollis inasema kwamba Leeyo, binadamu wa kale, aliagizwa na Naiteru-kop aseme maneno ya kuwaombea wafu warudi na mwezi usirudi. Kwa kuwa mtoto aliyekufa wakati ule hakuwa wake, aliyageuza maneno. Alipofiwa na wa kwake, alikuwa amechelewa. Ndiyo maana mwezi hufa ukarudi, ilhali mtu hafufuki. Kwa desturi ya zamani maiti za watu wa kawaida hazikuzikwa. Oloiboni na tajiri ndio waliozikwa na kuwekewa mawe, na iliaminika kwamba roho zao hugeuka nyoka wanaorudi bomani kuwaangalia watoto wao, ndiyo sababu nyoka hao hawakuuawa. Anayetafuta mfanano ataona hapa kivuli cha ushirika wa watakatifu: waliotangulia hawajawaacha walio hai. Lakini tofauti ni pana. Kanisa hufundisha ufufuko wa wote, tajiri na maskini, na kwa hiyo huzika kila mbatizwa kwa heshima moja. Imani ya Pasaka ni kinyume kamili cha ngano ya Leeyo.

Kutoka Oloiboni hadi Chifu

Kwa desturi ya Wamaasai, uongozi wa mambo ya kila siku ulikuwa mikononi mwa wazee na wasemaji wa rika, yaani ilaiguenak. Oloiboni alishauriwa kuhusu vita, mvua, maradhi na sherehe za rika kama eunoto. Aliombea na kubashiri. Hakutoa amri juu ya malisho. Waingereza, waliotaka mtu mmoja wa kuzungumza naye, walimtukuza Olonana kuwa mkuu wa Wamaasai wote, na maboma yake yakawa karibu na kituo cha serikali cha Ngong.

Kanisa humwelezea Kristo kwa huduma tatu: kuhani, nabii na mfalme. Kwa kulinganisha, Olonana alirithi mbili za mwanzo na akapewa ya tatu na watu wasiomwabudu Enkai. Mnamo Agosti 1904 aliweka alama yake, pamoja na wazee wengine, kwenye mkataba na Kamishna Donald Stewart. Wamaasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa na kugawanyika katika hifadhi mbili: ya kaskazini huko Laikipia, na ya kusini katika nchi ambayo leo ni Kajiado. Mkataba uliahidi kwamba hifadhi hizo zitakuwa zao maadamu Wamaasai wangalipo. Uliahidi barabara ya kuziunganisha, na ulibakiza angalau maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara.

Kifungu hicho cha Kinangop kinastahili kuangaliwa kwa makini. Ndani ya waraka wa kugawa ardhi, Wamaasai walitaka mahali pa ibada patajwe. Kwao ardhi haikuwa bidhaa ya kupimwa tu. Ngano inasema kwamba Enkai aliwateremshia ng'ombe kwa ukanda wa ngozi kutoka mbinguni. Na ng'ombe hawaishi bila majani. Ndiyo sababu majani ni alama ya amani: anayeyashika mkononi anaomba mapatano. Mti wa oreteti nao ni mahali pa kusalia. Mkatoliki anayejua maji yaliyobarikiwa, mafuta ya krisma na mkate wa altare hatashangaa kwamba vitu vya dunia huchukua maana ya mbingu. Tofauti ni kwamba Kanisa huhesabu sakramenti saba zilizowekwa na Kristo, na baraka nyinginezo huziita visakramenti.

Kifo cha Olonana na Kuhamishwa kwa Watu Wake

Miaka saba baada ya mkataba, walowezi waliitamani Laikipia. Gavana Percy Girouard alitaka Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini. Olonana alifariki mwezi Machi 1911. Maofisa walieleza kwamba wosia wake kitandani ulikuwa watu watii serikali na walio kaskazini wahamie kusini. Wanahistoria, hasa Lotte Hughes, wameutilia shaka wosia huo, kwa kuwa uliwafaa mno wale walioutangaza. Tarehe 4 Aprili 1911, chini ya miezi miwili tangu kifo hicho, mkataba wa pili ulitiwa sahihi. Seki, mwana wa Olonana aliyekuwa bado mvulana, aliandikwa humo kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Hivyo cheo cha kinabii kilichorithiwa kwa damu kiligeuzwa kuwa mkono wa kutilia alama.

Takriban watu 10,000 walihamishwa kati ya 1911 na 1913, pamoja na ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo wapatao milioni moja. Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa rika kutoka Purko, alipinga, na kesi ikafikishwa mahakamani mwaka 1913. Mahakama iliitupa kwa hoja kwamba mkataba ulikuwa wa dola kwa dola, na mahakama za kawaida hazina uwezo juu yake. Wamaasai wakaambiwa kuwa ni taifa huru siku ile tu ambapo uhuru huo uliwanyima haki.

Kisa cha wosia kinarudisha suala la unabii. Katekisimu hukataza kupiga ramli na kumwendea mwaguzi, kwa kuwa ni kutaka kushika mamlaka juu ya wakati na juu ya watu. Hapa hapana maafikiano: enkidong haiwezi kuingia kanisani. Lakini Katekisimu hukubali kwamba Mungu aweza kuwafunulia manabii yajayo, na huwataka waumini kuupima kila ufunuo wa faragha. Wamaasai nao walikuwa na vipimo vyao; hawakumwamini kila mwana wa Inkidongi. Wosia uliotangazwa mwaka 1911 haukupewa nafasi ya kupimwa. Ulifika ukiwa tayari umekuwa sera.

Mkutano wa Baadaye

Olonana hakuuona utume wa Kikatoliki katika maboma ya Kajiado. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni ya Mtakatifu Austin jijini Nairobi mwaka 1899, lakini Ngong ilifanywa mkoa wa kitume mwaka 1959 tu, chini ya wamisionari wa Mill Hill, na ikawa jimbo mwaka 1976. Mwaka 1978 ulikuwa na matunda mawili. Padre Frans Mol alichapisha kamusi ya lugha na utamaduni wa Kimaa, iliyohifadhi msamiati wa ibada ambao ungeweza kupotea. Padre Vincent Donovan alichapisha kitabu kuhusu utume wake kati ya Wamaasai wa Loliondo, Tanzania, ambako alizungumzia Enkai bomani moja kwa moja, akabatiza jumuiya nzima kwa pamoja, na kuyatumia majani katika Misa kuwa alama ya amani: pasipo mapatano bomani, Misa haikuendelea.

Hatua hizo zilifuata roho ya Mtaguso, ambao katika hati ya Ad Gentes ya 1965 uliwataka wamisionari wazitambue mbegu za Neno zilizomo katika mila za mataifa. Mwaka 2000, hati ya Dominus Iesus ilisisitiza upande wa pili: mpatanishi kati ya Mungu na watu ni mmoja, Kristo. Mkristo Mmaasai anaishi kati ya hati hizi mbili. Anaweza kumwita Mungu Enkai, kushika majani na kuheshimu baraka ya wazee. Hawezi kumfanya oloiboni mpatanishi wa pili.

Katika Kitengela swali hili limechukua sura mpya. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na nyanda za Kaputiei zikawa viwanja, maghala, nyumba na nyua za waya. Wahamiaji wa lugha nyingi husali humo kwa Kiswahili. Hata hivyo mafundisho ya jamii ya Kanisa, ambayo yanasema kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa wote, yamekaribia zaidi fikira za wazee wa 1904. Katika Laudato Si' ya mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alieleza kwamba kwa jamii za asili ardhi si bidhaa, bali ni zawadi ya Mungu na ya mababu waliolala humo. Olonana, mwana wa mtu aliyezikwa Oldoinyo Orok, asingehitaji kufasiriwa fundisho hilo.

Hitimisho

Maisha ya Olonana yanaonyesha kwamba kulinganisha dini si kuorodhesha mifanano tu. Enkai na Mungu wa Katekisimu wanakutana katika umoja, uumbaji na utoaji wa uhai. Wanaachana katika ramli, katika ufufuko na katika mpatanishi mmoja. Cheo cha oloiboni na upadre vinafanana kwa kuwa vyote hutoka juu, na vinatofautiana kwa kuwa kimoja hufuata damu na kingine hufuata wito. Zaidi ya hayo, maisha haya yanaonyesha hatari inayoikabili kila dini: mtu aliyewekwa kuomba kwa niaba ya watu anaweza kutumiwa na wenye nguvu kusema kwa niaba ya watu. Wamaasai walipoteza Bonde la Ufa na Laikipia kwa njia hiyo. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafsiri sala, mikataba na sheria katika lugha hii wana sababu ya kuyasoma maisha ya Olonana, kwa maana mtafsiri naye hukaa palepale alipokaa yeye, kati ya wenye neno na wenye kulipokea.